Mti wa brashi umejaa majani lakini hauchanui: niung'oe?

*"Shikamoo bwana shamba. Naishi Tabora mjini, Cheyo. Miaka minne iliyopita nilipanda miche minne ya ule mti wenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, kwa mstari mbele ya nyumba, nikitaka uwe ua wa kupendeza. Imestawi, imenifika kifuani, majani ni mengi, ila maua hakuna. Mwaka jana lilitoka moja tu, kwenye tawi lililopenya tundu la ukuta likaangukia kwa jirani. Kijana anayenisaidia bustanini huikata kila mwezi kwa mkasi mkubwa ili ikae sawa. Tangu kiangazi kilichopita majani ya juu yamekuwa ya njano. Naweka majivu ya jikoni kila wiki, na shemeji yangu alinipa mbolea iliyobaki ya tumbaku, lakini wapi. Jirani anasema miti yangu ni ya kiume, niing'oe, tena ni afadhali kwa sababu maua yake huita nyuki na mimi nina watoto wadogo. Mwingine kanishauri nipigilie misumari kwenye shina. Mume wangu naye anahofia mizizi itapasua shimo la choo. Nifanyeje?"*

Marahaba mwanangu. Naelewa kinachokuuma: umeitunza miaka minne, umeibebea maji kiangazi cha Tabora ambacho si mchezo, halafu unaambiwa uchukue jembe. Liache jembe kwanza. Kwa maelezo yako miti hii ina nguvu za kutosha kuchanua. Kinachoizuia ni mkasi wa kila mwezi, na kinachoigeuza njano, kwa ninavyoona, ni majivu yakisaidiwa na ile mbolea ya tumbaku. Yote mawili yanarekebishika, ingawa si ndani ya wiki.

Tuanze na hili la mti wa kiume. Jirani yako hakulitoa hewani. Kwenye mipapai liko: mpapai dume hutoa maua kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, na mwenye shamba hungoja tunda asilione. Lakini angalia, hata huo mpapai dume maua unatoa. Kinachokosekana ni papai. Mti wa brashi hauna dume wala jike. Kila kiua chake kina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, kama ilivyo kwa mpera na mkarafuu, ambao ni ndugu zake wa ukoo mmoja. Kwa hiyo hakuna mti wa brashi uliozaliwa tasa kwa jinsia. Na misumari usiipigilie. Kila msumari ni jeraha, na jeraha kwenye shina ni mlango wa kuvu na mchwa. Mti ukiumizwa sana huweza kuchanua kwa kufadhaika, lakini huo si utunzaji.

Sasa nenda kwenye lile tawi la upande wa jirani, kama bado lipo. Mwombe ruhusa ulitazame kwa karibu, maana jibu lako liko pale. Tunachokiita ua moja kwenye mti huu ni maua madogo mengi yaliyopangwa kuzunguka kijiti. Petali zake ni ndogo, za kijani iliyopauka, hata huzioni. Zile nyuzi nyekundu zinazokuvutia ni stameni, na kila moja ina chavua kwenye ncha yake. Kwenye kilele cha brashi, katikati kabisa, kuna kichipukizi cha majani. Maua yakishanyauka na nyuzi kudondoka, kichipukizi kile huendelea mbele na kuwa tawi lile lile, na nyuma yake hubaki vitunda vigumu vya kijivu vilivyobana kwenye mti kama shanga. Vitunda hivyo havianguki. Hukaa hapo miaka, vikiwa vimefunga mbegu ndani. Kwenye mti ambao haujaguswa unaweza kusoma historia yake kwa kidole: kipande cha vitunda, kipande cha majani, tena vitunda, tena majani, kila kundi likionyesha mara moja uliyochanua.

Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba ua hutokea kwenye ncha ya tawi jipya lililopata muda wa kukomaa, na si kwenye shina wala ndani ya kichaka. Ukikata ncha, mti hujibu kwa kutoa machipukizi mawili au matatu chini kidogo ya pale ulipokata. Hayo nayo yanahitaji miezi ya kurefuka, kukaza, na kutengeneza vichomozo vya maua. Kijana wako anarudi kabla hayajafika popote, anayakata, na mti unaanza upya. Ndiyo maana una majani mengi, tena yamebanana vizuri: kila mkato unazaa matawi, na maua hayapati nafasi. Tawi lililopenya tundu la ukuta halikufikiwa na mkasi, likachanua. Ni shina lile lile, mizizi ile ile, maji yale yale. Huhitaji ushahidi mwingine.

Kuna mambo mawili mengine yanayoweza kuuchelewesha mti huu kuchanua, nayataja ili uyaondoe mwenyewe. La kwanza ni kivuli. Mti huu unapenda jua la wazi sehemu kubwa ya siku. Ulio chini ya mwembe utatoa majani tu na kujinyoosha kutafuta mwanga. La pili ni umri. Mche uliotokana na mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza, ilhali uliotokana na kipandikizi cha tawi la mti uliokwisha kuchanua huwahi zaidi. Yako ina miaka minne na mmoja umeshatoa ua, kwa hiyo umri nauweka kando.

Hapa sasa una uamuzi wa kufanya na nitakueleza ukweli wake. Ukitaka ukuta wa kijani ulionyooka kila mwezi, endelea na mkasi, lakini usingoje maua. Mtu anayetaka ua wa kukatwa hivyo ni heri apande michongoma. Ukitaka maua, uiachie miti iwe na umbo lake. Katikati kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ningeichagua mbele ya nyumba yangu: unaikata, lakini mara moja tu, mara maua yanapokwisha kunyauka, na unakata nyuma kidogo ya pale brashi ilipokuwa, kabla ya vitunda kukaza. Hapo unaondoa sentimita chache tu, mti hautumii nguvu zake kwenye mbegu, na machipukizi mapya yanapata msimu mzima wa kukomaa kwa ajili ya mkupuo unaofuata. Kwa kuwa yako haijachanua bado, hatua ya kwanza ni kuuweka mkasi ndani na kutogusa chochote mpaka uone brashi. Itaonekana vurugu kidogo, matawi mengine yatarefuka kuliko mengine. Vumilia. Mwambie na huyo kijana, maana asipoambiwa ataona ni uchafu na atausafisha.

Anapokata baadaye, atumie mkasi mdogo wa matawi, tawi kwa tawi, badala ya ule mkubwa wa kusawazisha ua. Mkubwa hukata majani katikati na kuacha ncha zilizokauka. Kama kuna tawi nene la kupunguzwa, lisubiri mwanzo wa mvua, Novemba au Desemba, mti ukiwa na maji ya kuchipulia. Kukata sana Agosti, ardhi imekauka na jua linachoma, ni kuutesa.

Je, utaona maua lini? Machipukizi yaliyopo leo yakiachwa, kuna uwezekano mzuri wa kuona brashi za kwanza ndani ya mwaka, pengine chache, kisha zaidi mkupuo unaofuata. Mti huu ukishazoea huchanua kwa mikupuo, hata zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tarehe sikupi, kwa sababu inategemea mvua na aina uliyonayo. Vitalu vyetu mara nyingi havitofautishi, ila wewe unaweza kujaribu: kama matawi yanainama na kuning'inia, huenda ni Callistemon viminalis, ambao ukiachiwa hufika mita 4 na kuendelea. Kama matawi yamesimama na majani ukiyafikicha yananukia kama limau, huenda ni Callistemon citrinus, ambao kwa kawaida ni mfupi zaidi. Wote wawili asili yao ni mashariki mwa Australia. Huo wa limau ulipelekwa Uingereza na Joseph Banks mwaka 1789 na tangu hapo umesambaa bustanini dunia nzima. Ukikuta vitabu vipya vinauita Melaleuca, ni mti ule ule.

Twende kwenye njano, ambayo inanipa wasiwasi kuliko maua. Umesema ni majani ya juu. Nataka uchume jani moja changa na ulitazame dhidi ya mwanga: je, mishipa imebaki kijani huku katikati ya mishipa kukiwa njano? Kama ndivyo, mti unakosa madini ya chuma. Chuma kikishaingia kwenye jani hakihami tena, kwa hiyo kinapopungua majani ya zamani hubaki kijani na machanga ndiyo yanayoumia. Ukosefu wa naitrojeni hufanya kinyume chake: mti huitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machanga, hivyo njano huanzia chini. Tofauti hii ndogo itakuokoa pesa, kwa sababu watu wengi wakiona njano hukimbilia kuongeza mbolea, na hapa kuongeza ndiko kunakoharibu.

Na chuma kimekwenda wapi, wakati udongo wetu una wekundu wake? Kimo humo humo, lakini kimefungwa. Mizizi huweza kukichukua udongo ukiwa na uchachu kidogo. Majivu ni kinyume cha uchachu. Yamejaa kalsiamu na potasi na hufanya kazi kama chokaa. Waliokushauri majivu hawakosei kila mahali. Udongo wa miombo mara nyingi ni wa kichanga na mchachu, na majivu kidogo kwenye tuta la kabichi yanasaidia. Tofauti ni kiasi na mmea. Ukimwaga majivu kila wiki chini ya shina lile lile, unabadilisha udongo wa pale kabisa, na mti wa brashi hauvumilii hali hiyo.

Mbolea ya tumbaku imeongeza tatizo. Wakulima wengi wa mkoa wenu hutumia NPK 10-18-24, na hiyo namba ya katikati ni fosforasi. Miti hii imetokea kwenye ardhi kongwe isiyo na fosforasi nyingi, imezoea kuishi na kidogo, na fosforasi ikizidi nayo huvuruga upatikanaji wa chuma. Kwa sababu hiyo hiyo usiipe DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi.

Acha majivu leo. Safu iliyo juu ya udongo, kama bado inaonekana kijivujivu, ikwangue taratibu kwa mkono au kijiko cha bustani, sentimita mbili tatu, bila kujeruhi mizizi, ambayo haiko mbali na uso wa ardhi. Rudishia udongo mwingine wa bustani uliochanganywa na majani yaliyooza. Kisha tandaza majani makavu juu yake, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Nafasi hiyo usiisahau: Tabora mchwa hawabishi hodi, na matandazo yaliyoegemea gome ni daraja lao. Ukiona udongo mwembamba umepanda kwenye shina, ukwangue siku hiyo hiyo uone kama gome limeliwa.

Ukitaka kuharakisha, duka la pembejeo watakuwa na mbolea ya kunyunyizia majani yenye madini ya chuma. Fuata kipimo cha kwenye chupa, nyunyizia jioni. Hiyo huurudishia mti kijani haraka, lakini haitibu udongo. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kiasi kidogo, mkono mmoja usiojaa kwa mti, ikisambazwa mbali na shina juu ya ardhi yenye unyevu, huongeza uchachu polepole. Isizidi mara moja kwa msimu wa mvua, maana naitrojeni nyingi nayo huzaa majani badala ya maua.

Angalia na maji yako. Kama ni ya kisima na yanaacha utando mweupe ndani ya birika, nayo yana chokaa, na kwa miaka yanaongeza kile kile kilichofanywa na majivu. Yatumie yakiwa hayo ndiyo uliyonayo, lakini wakati wa mvua kinga maji yanayotiririka kutoka kwenye bati. Mti wa miaka minne hauhitaji kunyweshwa kila siku. Ndoo mbili za lita 20 kwa kila mti, mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, zikimwagwa taratibu, zinafika chini kuliko kikombe cha kila jioni, na mizizi huufuata huo unyevu wa chini.

Nyuki watakuja, sikufichi. Mti huu una mbochi nyingi, yale maji matamu ya ua, na ndege chozi nao wataufuata. Lakini nyuki aliye kwenye ua hana cha kulinda. Hujihami akibanwa mkononi au akikanyagwa. Wakali ni wale wanaolinda kiota. Kwa hiyo hofu yako iende kwenye viota, kwenye dari au tundu la ukuta, kuliko kwenye maua. Wafundishe watoto wasishike brashi kwa mikono na wasikimbie peku chini yake wakati imechanua. Usipige dawa ya wadudu mti ukiwa na maua. Utaua nyuki wa watu katika mkoa unaoishi kwa asali. Kundi zima likitua kwenye tawi, watoto waingie ndani, na usiwashe moto wala kurusha mawe. Tafuta mfugaji nyuki. Mjini kwenu hawakosekani, hata chuo cha ufugaji nyuki kipo hapo Tabora. Jambo moja tu lingenifanya niseme uihamishe: kama ndani ya nyumba kuna mtu ambaye aliwahi kuumwa akavimba uso au kubanwa pumzi. Huyo aonwe na daktari kwa ajili ya hilo, na akiumwa tena apelekwe hospitali bila kusubiri.

Mume wako naye ana hoja, ila kwa kiasi. Mizizi ya mti huu haipasui zege zima. Huingia kwenye ufa uliopo na bomba linalovuja, kwa kufuata maji. Ikiwa miti iko mita tatu au zaidi kutoka shimoni, na shimo limejengwa vizuri, silali macho. Ikiwa mmoja uko mita moja kutoka bomba la kwenda chooni, huo ndio ningeutoa, na nafasi yake nisirudishie mti. Kwenye mistari ya umeme pia usiuachie urefuke.

Utakapokuwa na maua majirani watakuomba miche, hasa huyo wa misumari. Vitunda vilivyokomaa ukivifunga kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu vitafunguka vyenyewe na kumwaga mbegu laini kama vumbi. Zinanyunyizwa juu ya mchanga wenye unyevu bila kufukiwa. Wape wa bustanini tu. Wasipande kandokando ya mito na mabwawa, kwa sababu asili yake mti unaoning'inia ni wa kingo za maji, na Afrika Kusini umeshaingizwa kwenye orodha ya mimea vamizi.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama njano imeanzia majani ya chini, kama matawi mazima yananyauka ghafla huku udongo una maji, kama gome la chini limelainika au lina harufu, au kama miezi mitatu baada ya kuacha majivu machipukizi mapya bado yanatoka njano, mwite afisa kilimo wa kata aje aione ilipo. Akitaka udongo upimwe, chimba sehemu nne au tano chini ya matawi, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, na mpe kama nusu kilo. Chukua na sampuli nyingine ya pembeni, mahali ambapo majivu hayajawahi kumwagwa, uiandike alama yake, ili alinganishe. Tawi la kumwonyesha likatwe asubuhi hiyo hiyo, liwe na majani machanga na ya zamani pamoja, lifungwe kwenye gazeti lenye unyevu. Na mwambie kiasi cha majivu na mbolea ulichoweka bila kupunguza, kwa sababu bila hicho anaweza kukuandikia mbolea nyingine juu ya hizo.